Mama alitafuna magnesiamu mwaka mzima

Wiki hii mmeuliza kama dawa ya kiungulia tunayojinunulia wenyewe dukani inatusaidia. Inasaidia, tena sana, na mimi ndo kinachonitisha hicho.

Mama yangu yuko Kiborloni, Moshi, anauza ndizi soko la Mbuyuni miaka na miaka, magoti yamechoka. Kuna mtu alimwelekeza diklofenaki, dawa ya maumivu, yakapoa, akawa anazinywa kila siku. Baadae kikaanza kiungulia, akarudi dukani akasema kifua kinaniwaka, akapewa magnesiamu, vile vidonge vya kutafuna vya kupoza asidi. Duka lilelile jamani, na hakuna aliyemuuliza mama unatumia dawa gani nyingine! Ukikaa nae jikoni unamuona anamenya ndizi huku anatafuna vile vidonge, pembeni ya mdomo unga mweupe kama chaki, na vingine kavifunga kwenye pindo la khanga. Mwaka mzima. Na sisi watoto tulikuwa tunamletea.

Desemba tumepanda wote nyumbani, asubuhi anakoroga mtori, akashika ukuta, akakaa chini taratibu, mikono ya baridi. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akamuuliza, mama, choo chako kina rangi gani? Akaona aibu mbele yangu, akainamisha kichwa, akasema cheusi, kama lami, wiki ya pili sasa. Wiki ya pili na tunalala nyumba moja. Daktari akaomba aone dawa zake, mama akafungua lile pindo, zikatoka bahasha mbili ndogo za karatasi, moja imeandikwa 2x3 nyingine 1x2, jina la dawa hamna. Damu ilikuwa imeshuka mno, akaongezewa chupa mbili, akapimwa na ule mpira wenye kamera, vidonda vikaonekana. Tukaelezwa diklofenaki inapunguza ile kinga inayolinda ukuta wa tumbo, na magnesiamu inapoza asidi kwa muda tu, kwahiyo alikuwa anapata nafuu huku kidonda kinaendelea kuvuja.

Nilivyoanza kuandika nilitaka kusema hizi dawa zisiuzwe bila cheti. Ila nikifikiria, kiungulia kinakushika saa nne usiku umetoka kula machalari na mbege juu, foleni ya hospitali utaipanga saa ngapi? Na mwezi uliopita mimi mwenyewe nimenunua omeprazo, dawa nyingine ya kiungulia, mjini, yule dada famasi akaniuliza kimeanza lini, unatumia diklofenaki au aspirini, chakula kinakwama ukimeza, umepungua mwili, choo kikoje. Dakika tatu hazikufika. Akaniambia kimoja asubuhi nusu saa kabla ya kula, siku 14, na nisitegemee nafuu ya papo hapo kama magnesiamu, kikirudi niende hospitali. Siku mbili za kwanza kweli sikuona kitu, ya nne nikalala vizuri.

Kwahiyo waache wauze, ila waulize, na jina la dawa liandikwe kwenye bahasha. Ingawa kwa wazee wanaokunywa dawa za magoti kila siku, hapo bado moyo wangu unakataa, ningependa waambiwe kabisa nenda kapime kwanza.

Mama yuko vizuri, amerudi Mbuyuni. Magnesiamu bado ziko kwenye pindo la khanga, nimemnunulia mwenyewe juzi, jina nimeandika kwa peni. Diklofenaki hapana.