Anzia kwenye fomu, katiba itakuja

Kijana mmoja ameniuliza afanyeje ili awe profesa wa sheria za uchaguzi. Habari za shahada na machapisho anazijua, sina jipya hapo. Namwambia nililochelewa kulijua mimi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliingia darasani nimejaa demokrasia na haki ya uwakilishi. Nikatamka kwa kujiamini kwamba fomu ya matokeo isiyo na saini ya wakala wa mgombea ni batili. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, aliyewahi kusimamia kituo cha kupigia kura, akanyoosha mkono. "Mwalimu, wakala akigoma kusaini, nikeshe naye?" Darasa zima likaangua kicheko. Usiku ule nilizisoma kanuni mstari kwa mstari. Za Kenya, kwa mfano, zinasema wazi kwamba kukosekana kwa saini hiyo peke yake hakubatilishi matokeo.

Tangu hapo naanzia kwenye karatasi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, sehemu kubwa ya mvutano ilihusu fomu 34A (ya matokeo ya kituo) na 34B (ya majumlisho ya jimbo) na jinsi matokeo yalivyopitishwa. Malawi, hukumu ya Februari 2020 iliyofuta uchaguzi wa rais ilihusu, pamoja na mengine, fomu zilizopakwa wino mweupe wa kufutia. Austria ndiyo hunogesha mjadala darasani: mwaka 2016, katika kesi ya uchaguzi wa rais, mahakama haikuona ushahidi kwamba kura zilichezewa, lakini kura za posta zilishughulikiwa kinyume cha taratibu, na wagombea walipishana kwa kura 30,863 tu. Uchaguzi ukarudiwa. Kwa hiyo, kabla ya uzamivu, omba ukarani wa kituo au uangalizi. Hesabu kura saa nane za usiku huku mawakala wawili wakizozania alama ya kidole.

Halafu kuna simu. Miaka inapita hakuna anayekukumbuka, kisha uchaguzi unakaribia na kila chama kinataka maoni yako ya kisheria, kwa malipo. Nilikubali mara moja. Hela ilikuwa nzuri, sikatai, ila mwaka uliofuata wanafunzi walisoma kila makala yangu wakitafuta rangi ya chama. Walikuwa na haki.

Siku hizi wakipiga nawaelekeza kwa wakili mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani. Yule yule wa kukesha na wakala.