Kunguni kwenye nyumba ya kupanga New York: nani alipe?

Pole sana, dada. Kama mwenye nyumba anakudai hela ya dawa eti "kunguni umekuja nao", usilipe kwanza. Jijini New York jukumu la kuwaangamiza ni lake. Mwandikie leo, ambatisha picha zenye tarehe. Akikaa kimya, piga 311, namba ya simu ya jiji ya kupeleka malalamiko. Mkaguzi wa jiji akiwakuta, hilo ni kosa la daraja B (yaani la hatari), na mwenye nyumba ana siku 30 za kulirekebisha. Usijipulizie dawa za dukani: kunguni wanahamia kwa jirani kupitia ukutani, halafu ndipo mwenye nyumba atapata la kukusingizia. Fua nguo kwa maji ya moto, zikaushe kwa joto kali. Godoro usilitupe kwa hasira; kava lenye zipu mara nyingi linatosha. Na mpulizaji lazima arudi, mayai hayafi kirahisi.