Injini ya mvuke inayosita kwenye makutano

SWALI: Injini yangu ya treni ya mfano, yenye umbo la injini ya mvuke na ya kipimo cha HO (yaani 1:87 ya treni halisi), iliyonunuliwa tayari kuendeshwa, huenda vizuri kwenye reli nyoofu, lakini ikipita makutano polepole husita au kuzimika. Je, mota imeungua?

JIBU: Mota ni nzima, umeme kutoka relini ndio unaokatika. Katika makutano mengi, pale reli mbili zinapokatana pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Injini fupi ya magurudumu sita ina sehemu chache za kupokea umeme, na magurudumu yaliyovikwa mpira hayapokei kabisa.

Safisha kingo za magurudumu kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili. Kisha pindua injini, penyeza karatasi nyembamba kati ya kila gurudumu na kibamba chake cha shaba, kile kinachochukua umeme kwenye gurudumu. Ikichomoka bila kukwama, kibamba hakigusi: kikunje kidogo mno kwa kibanio. Ukikibana kupita kiasi, gurudumu litaburuta.

Pima pia nafasi kati ya migongo ya magurudumu. Iwe takriban milimita 14.4, la sivyo injini itaacha reli.

Na mafuta, tafadhali, tone moja tu kwenye ekseli. Yakizidi hufika relini, hushika vumbi, na kusita kunarudi.