Jibu: Protini ya RB hufanya kazi gani?

Dada wa Shela, pole sana kwa mtihani huu. Umeuliza: daktari amesema saratani ya jicho la mwanao imetokana na kuharibika kwa protini ya RB, sasa hiyo protini kazi yake nini?

Ukipita ukingoni asubuhi unayaona majahazi yamefungwa kamba. Upepo upo, tanga lipo, lakini hayaendi mpaka nahodha aamuru yafunguliwe. RB ndiyo kamba hiyo. Imeishika protini nyingine, E2F, ambayo ikiachiwa huwasha jeni za kunakili DNA, na seli ikaanza kugawanyika. Ishara ya kukua ikifika, vimeng'enya viitwavyo CDK huibandika RB fosfeti (kipande kidogo cha kikemikali), nayo huiachia E2F. Baadaye fosfeti huondolewa, kamba ikafungwa tena. RB ikikosekana, seli haingoji amri ya yeyote.

Kwa kawaida seli ina nakala mbili za jeni inayotengeneza RB, na moja nzima yatosha. Mtafiti wa saratani Alfred Knudson alieleza mwaka 1971 kwamba hazina budi kuharibika zote mbili ndipo saratani hii ianze. Mtoto aliyezaliwa na moja mbovu amebakiwa na hatua moja tu, na mara nyingi huathirika macho yote mawili. Kwa hiyo muulize daktari kuhusu jicho la pili, na ndugu zake wadogo wapimwe. Ukiona mboni inang'aa nyeupe pichani, usingoje hata wiki.

Na si kosa lako, dada, wala si jicho la hasidi.