Re: Kutoka Lushoto mjini hadi Irente na kurudi siku hiyohiyo, inawezekana?

Inawezekana kabisa, ndugu, tena kwa miguu. Ni kama kilomita 6 kwenda hadi mwamba wa Irente wenye mandhari, njia inakatiza mashamba na vijiji. Usikimbilie kuondoka alfajiri: ukungu wa milima ya Usambara ukiwa mzito utafika mwambani uone weupe mtupu. Saa tatu asubuhi inatosha. Pale juu kaa mbali na ukingo, hasa kama unakwenda na watoto, maana genge limekatika ghafla. Chini kabisa utakiona kijiji cha Mazinde na nyika ya Wamaasai imetandaa hadi macho yachoke. Ukirudi pitia Shamba la Irente, ukale mkate na jibini wanayotengeneza wenyewe. Sweta usiache, Lushoto jioni ina baridi kweli. Machi hadi Mei njia inateleza, mimi ningesubiri Juni.