Boeing kwa anayeanza kazi ya kargo: uliza mlango kwanza

Mteja akikwambia mzigo wake unapanda "767", bado hajakwambia kitu. Kuna 767-300ER ya abiria, ambayo mzigo hulala tumboni, chini ya viti. Kuna 767-300F, iliyoundwa kiwandani kwa ajili ya mizigo tangu mwanzo. Halafu kuna 767-300BCF, ndege ya abiria iliyong'olewa viti, ikakatwa ubavu na kuwekewa mlango mkubwa. Kwenye mpango wa safari unaopelekwa kwa waongoza ndege, zote tatu huandikwa B763. Vivyo hivyo 777F huandikwa B77L, sawa kabisa na 777-200LR inayobeba watu. Msimbo huo usiutumie kupangia paleti, yaani bamba ambalo mzigo hupangwa juu yake na kufungwa kwa neti, hata siku moja. Omba modeli kamili na namba ya usajili, kisha uliza mlango uko wapi na una kimo gani.

Kilo zina nafasi yake, lakini kimo ndicho kitakachokuaibisha. Paleti iliyozidi kwa sm 5 haina ujanja: inarudi ghalani, neti inafunguliwa, ndege inaondoka.

Anza na 737, kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Toleo la abiria, liwe 737-800, MAX 8 au MAX 9, halipokei kontena wala paleti. Kila kitu kinaingia kwa mikono kupitia milango miwili midogo upande wa kulia. Mlango wa mbele una upana wa takriban sm 122 na kimo cha sm 89, na wa nyuma haupishani nao sana. Kreti yenye kimo cha sm 95 isiyoruhusiwa kulazwa usiipokee, hata kama ina kilo 30 tu. Na kitu kirefu kinaweza kupita mlangoni kikagoma ndani, kwa kuwa hakina pa kugeukia. Pima urefu pia, usipime kimo peke yake.

Mambo hubadilika kwa 737-800 iliyogeuzwa kuwa ya mizigo, ambayo utaiona Nairobi na Kigali. Sitaha ya juu hubeba paleti 11 za sm 224 kwa 318 na moja ndogo, jumla ya tani 23 hivi. Mlango wake uko kushoto, mbele ya bawa. Maana yake paleti ya kwanza kuingia ndiyo inayosukumwa hadi nyuma kabisa, na mkia unaelemewa kabla pua haijapata kitu. Weka nguzo ya mkia, ile inayouzuia usiguse chini, kabla ya kupakia na usiitoe hadi msimamizi wa upakiaji aseme. Wakati wa kushusha hatari hiyohiyo inakuja kwa njia nyingine: paleti za karibu na mlango hutoka kwanza, za nyuma zinabaki, pua inakuwa nyepesi.

767-300F ya Air Tanzania ilipokewa Juni 2023. Sitaha yake ya juu ina nafasi 24 za paleti za sm 224 kwa 318, na mlango uko kushoto mbele. Paleti isipite kimo cha sm 244, na ufuate umbo la ubavu unavyojikunja kuelekea darini. Wageni wa kazi hii hupenda kujenga mchemraba mzuri, kisha kona za juu zinagusa ukuta.

Tumbo la 767 ndilo lenye mtego. Mwili wake una upana wa mita 5.03 tu, kwa hiyo kontena iliyotengenezwa kwa ajili yake ni DPE, na hukaa mbili sambamba. AKE, ile iliyozoeleka kwenye 777 na 787, ni pana zaidi. Ndani ya 767 inakaa moja kwa kila mstari na nafasi ya pembeni inapotea. Ukipokea AKE kumi kutoka 777 zinazoendelea na safari kwa 767, usihesabu nafasi kumi tu ukalala. Ama utazivunja na kuzijenga upya, ama utaacha baadhi. Mpigie mwenye ghala mapema, maana kazi hiyo inakula muda, na kama ndani kuna samaki, barafu inayeyuka.

Kwa 777 na 787 hesabu ni rahisi: AKE mbili sambamba. 787-8, kama zile za Kenya Airways na Air Tanzania, ina nafasi 28 za AKE. 787-9 ina 36. 777-300ER ina 44. Hizo ni nafasi za tumbo zima. Mabegi ya abiria huchukua sehemu yake kwanza, kwa hiyo usimuuzie mteja zote. AKE moja mwisho wake ni kilo 1,588 pamoja na uzito wa kontena lenyewe. Paleti ya tumboni ijengwe isizidi sm 160.

777F hubeba takriban tani 102, paleti 27 juu na 10 chini. Mlango wake mkuu uko kushoto lakini nyuma ya bawa, tofauti na 767F. Dereva wa mashine ya kupakia aliyezoea 767 huenda kusimama mbele kwa mazoea; mweleze kabla ndege haijaegeshwa. Mlango huo hupitisha paleti yenye kimo cha karibu mita 3. Hapo ndipo kosa huzaliwa: paleti inajengwa mita 3 kwa ajili ya 777F, ndege inabadilishwa dakika za mwisho, inakuja 767F.

747 haitengenezwi tena. Ya mwisho, namba 1,574, ilikabidhiwa kwa Atlas Air Januari 2023. Lakini zinaruka bado. 747-400F na 747-8F zina mlango wa puani, mzuri kwa mabomba na mashine ndefu, ila kimo cha kupitia pale ni sm 244 kwa sababu chumba cha marubani kiko juu yake. Zile zilizogeuzwa kutoka ndege za abiria hazina mlango huo wa pua. Wapo waliouza safari ya bomba la mita 20 bila kuuliza hilo.

Sasa uzito. Maua hujaza nafasi kabla ya kujaza kilo, samaki kinyume chake. Boksi la sm 100 kwa 40 kwa 30 ukilizidisha na kugawa kwa 6,000 unapata kilo 20 za uzito wa ujazo. Mizani ikisoma 14, unalipisha 20. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana wa joto ndege ileile inaweza kulazimika kuondoka na tani pungufu kuliko ingebeba kutoka Dar es Salaam. Usibishane na marubani juu ya hilo.

Kufuli za sakafuni zinazoshika paleti zikague kwa mkono, moja moja. Tarehe 29 Aprili 2013 ndege ya 747-400 ya mizigo ilianguka mara tu baada ya kupaa Bagram, Afghanistan, ikiwa imebeba magari mazito ya kijeshi. Uchunguzi wa Marekani ulikuta kwamba gari halikufungwa ipasavyo, likarudi nyuma na kuharibu mifumo ya kuongozea ndege. Watu wote saba walifariki. Kufuli iliyovunjika inaandikwa, na nafasi yake inapunguziwa uzito au inafungwa kabisa, kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza.

Na 787 ina sharti lake. Nusu ya uzito wa muundo wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, si alumini. Alumini ikigongwa inabonyea na kila mtu anaona. Kaboni inaweza kupasuka matabaka ya ndani huku rangi ya nje ikiwa haina hata mkwaruzo. Ukiigusa kwa mashine, hata polepole, simamisha kazi, weka alama mahali hapo, mwite fundi kabla mlango haujafungwa, na mashine usiiondoe hadi ameiona ilipo.