Majina yamejirudia kwenye CiviCRM

Swali: Kikundi chetu hapa Ngamiani, Tanga, kimeingiza wanachama 340 kwenye CiviCRM, programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama, kutoka faili la Excel, mara mbili kwa nyakati tofauti. Sasa wengi wanaonekana wawili wawili. Tumekosea wapi? (Mweka hazina)

Jibu: Mweka hazina, programu hulinganisha waliojirudia kwa baruapepe, isipokuwa ukiiambia vingine. Wanachama wenu wengi, bila shaka, wana simu tu. Basi kila mstari ukahesabika mtu mpya.

Tengenezeni kanuni yenu ya kuwatambua waliojirudia: simu uzito 5, jina la kwanza uzito 5, kikomo 10. Uzito ni alama zinazopatikana taarifa hiyo ikilingana; alama zikifika kikomo, programu huwaona ni mtu mmoja. Simu peke yake isitoshe, maana mama na mwanawe hutumia laini moja. Kwenye jina wekeni urefu wa herufi 5, yaani zilinganishwe tano za mwanzo tu, ili Mwanaidi na Mwanaid wasitengane. Nyoosheni namba pia: inayoanza na 0712 na inayoanza na 255712 hazilingani, na Excel ina tabia ya kumeza sifuri ya mbele, safu hiyo ipangeni iwe maandishi. Jaribuni mistari 10 kwanza.

Waliokwisha kuingia waunganisheni, lakini chukueni nakala ya hifadhidata kabla. Ukishaunganisha, hakuna kitufe cha kurudi nyuma.